Katuni za Televisheni na Sifa Zilizozidi Kipimo: Mtazamo wa Ngara na Biharamulo

Katuni za televisheni zilizotengenezwa katika Afrika ya Mashariki zimesifiwa kwa namna ambayo waandishi wa vitabu vya watoto vya Kiswahili hawakuizoea. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa katika TBC1 mwaka 2014. Akili and Me, iliyokusudiwa watoto wadogo zaidi, ikaifuata kutoka kwa watengenezaji hao hao wa Dar es Salaam. Kabla ya hizo mbili, mwaka 2010, ilikwisha tokea Tinga Tinga Tales, iliyoagizwa London na kuchorwa Nairobi. Magazeti, wafadhili, walimu na wazazi wamezipokea zote tatu kwa shangwe, na ni mara chache sana kutokea mtu wa kuzipima kama zipimwavyo kazi nyingine za sanaa ya lugha.

Sifa hizo ni za aina mbili, na kosa la wanaosifu limekuwa kuzichanganya. Sifa ya kwanza ni kwamba katuni hizi zinafundisha, nayo haina ubishi. Uchunguzi uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliotazama Akili and Me kwa majuma machache walipiga hatua katika kuchora, kujua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Anayeijua hali ya madarasa yetu ya awali, ambamo mwalimu mmoja hukabili watoto wengi bila kitabu, hawezi kuidharau faida hiyo. Sifa ya pili ni kwamba katuni hizi zimehifadhi usimulizi wa Kiafrika na kukikuza Kiswahili. Hii ndiyo iliyozidi kipimo. Imepita bila kuulizwa kwa sababu imekuja imeshikwa mkono na ya kwanza, kama mgeni asiyealikwa anayeingia arusini nyuma ya mwenye kadi.

Mahali pazuri pa kuipima sifa hiyo ya pili si Dar es Salaam, ambako mtoto huzaliwa ndani ya Kiswahili, akakipata nyumbani, njiani na sokoni kabla ya kukipata katika kioo cha televisheni. Yafaa ipimwe Ngara na Biharamulo, kusini ya mkoa wa Kagera. Huko mtoto wa kijijini hunyonya Kihangaza au Kishubi, na upande wa Biharamulo Kisubi au Kizinza, kisha Kiswahili humjia kama lugha ya pili, ya shule na ya ofisi. Kwa miaka mingi miji hiyo miwili ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, ingawa maporomoko ya Rusumo, ambayo leo yana mitambo ya megawati 80 inayotumiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, yamo mpakani mwa Ngara yenyewe. Televisheni na king'amuzi chake bado ni vitu vya nyumba chache, na watoto wa jirani hukusanyika hapo kutazama. Kwa mtoto wa namna hiyo katuni si burudani tu. Ni mmoja wa walimu wake wa kwanza wa Kiswahili, na yaelekea pia ni mshindani wa kwanza wa bibi yake katika kazi ya kusimulia.

Katika usimulizi, Tinga Tinga Tales ndiyo iliyodai makubwa zaidi, nayo ndiyo inayostahili kukawiwa. Vipindi vyake 52 vilitengenezwa na kampuni ya Tiger Aspect ya London pamoja na studio ya Homeboyz ya Nairobi, kwa lugha ya Kiingereza, vikaonyeshwa na BBC katika idhaa yake ya watoto wadogo. Picha zake zimechukua mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, fundi aliyetoka pande za Tunduru, akaanza mnamo mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini jijini Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kwa macho, kazi hii ni nzuri kweli. Rangi zake zinapendeza, na wachoraji wa Nairobi walionyesha ufundi ambao wengi hawakuutazamia. Lakini mtindo wa mtu mmoja wa mji mmoja, uliozaliwa kwa kuwauzia wageni picha, umefanywa kuwa sura ya hadithi za bara zima. Ng'ambo tu ya mto Kagera, upande wa Kirehe nchini Rwanda, iko sanaa ya imigongo, michoro ya mistari na pembe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, isiyo na mnyama hata mmoja ndani yake. Mtoto wa Ngara yuko karibu na sanaa hiyo kuliko na chui wa madoadoa wa Msasani. Hilo, hata hivyo, ni dogo.

Kubwa ni umbo la hadithi. Kila kipindi cha Tinga Tinga Tales kimejengwa juu ya swali la kwa nini: kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini tembo ana mkonga. Swali ndilo jina la kipindi, na jibu ndilo mwisho wake. Hadithi za kueleza asili ya maumbile ya wanyama ziko nyingi katika Afrika ya Mashariki, na hapana anayeweza kusema kwamba watengenezaji wamezizua. Lakini mahali pa maelezo hayo ndani ya ngano isimuliwayo ni mkiani. Msimulizi amekwisha kumzungusha msikilizaji katika hila, njaa, deni na kisasi, kisha anapofunga hadithi anatupa neno moja: ndiyo maana hata leo mnyama huyu yuko hivi. Ni nyongeza, tena mara nyingi ni ya mzaha. Msikilizaji hakukaa kungoja kujua habari za mkonga. Alikaa kuona kama mwerevu ataponyoka. Katuni imeugeuza mkia kuwa kichwa. Ngano imekuwa somo la maumbile lisilo la kweli, na hila, ambayo ndiyo nyama ya ngano, imebaki kuwa njia ya kufikia jibu lililokwisha kutangazwa.

Kadhalika majina. Katika katuni hiyo wanyama huitwa kwa nomino tupu, Tembo, Nyoka, Kobe, nao huishi kama wanafunzi wa darasa moja. Ngano za nchi za Maziwa Makuu hazifanyi hivyo. Katika Kinyarwanda na Kirundi sungura wa ngano ana jina lake mwenyewe, Bakame, lisilo neno la kawaida la kumtaja sungura wa porini. Na katika ngano za Kinyarwanda fisi huitwa Warupyisi, jina lenye kejeli ya kumkweza. Kiswahili nacho, kisipotumia jina la pekee, hutumia cheo na udugu: Bwana Fisi, Mzee Kobe. Mambo haya si mapambo. Jina la pekee humtoa mnyama porini na kumwingiza katika ukoo, na udugu ndio unaoifanya hila iume, kwa kuwa anayedanganywa ni mjomba au mkwe, si mnyama wa jirani. Ukiondoa udugu, Bakame anabaki mtundu wa shule ambaye mwisho wa kipindi ataomba radhi. Bakame wa ngano haombi radhi. Naye mtoto aliyekua akimsikia hujifunza kwamba akili za mdogo zaweza kumshinda mwenye nguvu na kwamba dunia hailipi wema kila mara. Somo la namna hiyo ni gumu, na yamkini ndiyo sababu halikupata nafasi katika televisheni ya watoto ya Uingereza.

Ubongo Kids na Akili and Me hazikudai mengi hivyo. Ni kazi za mafunzo, nazo zimesema hivyo tangu mwanzo. Waliozifanya urithi wa fasihi ni wasifu wao. Hapa hoja ni lugha. Majina yenyewe ni mfano wa kutosha. Kipindi cha Kiswahili, kilichotungwa Dar es Salaam kwa watoto wa Kitanzania, kinaitwa kwa neno moja la Kiswahili na moja la Kiingereza. Kingine kimeunganishwa kwa kiungo na kiwakilishi cha Kiingereza. Akili, msichana wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro, anapolala hufika katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land. Mtu mzima ajuaye Kiingereza atacheka, maana jina hilo linacheza juu ya msemo wa Kiingereza wa kumtaja mtu aliyepotea katika njozi. Mtoto wa Rulenge au wa Nyakanazi hana la kuchekea. Atapata kitenzi anachokijua kimefungwa kwa neno asilolijua, na fumbo lililotungwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyekaa nyuma yake.

Mtu mzima mmoja wa Ubongo Kids huitwa Uncle T. Mwenye kuona kwamba hilo ni jambo dogo na atazame istilahi za ujamaa. Kiswahili hutofautisha mjomba, ndugu wa mama, na baba mkubwa au baba mdogo, ndugu wa baba. Pwani wako wanaosema ami. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza, kina marume kwa wa kwanza na data wacu kwa wa pili. Mtoto wa Ngara anafika mbele ya televisheni akiwa na tofauti hiyo kichwani, kamili, na Kiswahili kina maneno ya kuipokea. Badala yake anapewa neno la Kiingereza linalozifuta pande zote mbili. Vijana wa mijini husema anko kila siku, na pengine watengenezaji walitaka kufuata usemi wa mitaani. Lakini kazi inayofuata usemi wa mtaa haiwezi wakati huo huo kusifiwa kwa kuisimamia lugha.

Iko pia habari ya matamshi, ambayo wanaosifu hawajaigusa kabisa. Lugha za kundi la Kirundi na Kiha, Kihangaza kikiwa mojawapo, hazitenganishi r na l kama Kiswahili Sanifu kitenganishavyo, na mwalimu yeyote wa darasa la kwanza huko anayajua madaftari ambamo kula na kura ni kitu kimoja. Lugha hizo tena zina toni, ambapo Kiswahili kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa ndipo katuni ingeweza kufanya kazi ambayo kitabu hakiwezi, kwa kuwa ina sauti, ina mdomo unaoonekana, na inarudia bila kuchoka. Badala ya hivyo, kila wimbo unaolazimisha mkazo uangukie silabi ya mwisho ili kutimiza mdundo unamfundisha mtoto wa Kihangaza makosa ambayo wa Ilala atayasahihisha mwenyewe barabarani, naye hana barabara hiyo. Katika matokeo yaliyotajwa ya uchunguzi wa Morogoro, lugha iliyopimwa ikaonekana kupiga hatua ni Kiingereza.

Ajabu ni kwamba Akili and Me imetiwa Kinyarwanda na kuonyeshwa Rwanda. Mtoto aliye ng'ambo ya daraja la Rusumo aweza kuisikia Akili ikisema lugha ya mama yake, au iliyo jirani nayo kabisa. Aliye upande wa Ngara anaisikia katika lugha anayojifunza. Siasa ya lugha ya Tanzania ina sababu zake, nazo ni nzito. Lakini kwa kuwa nchi imechagua Kiswahili kiwe lugha ya wote, mzigo wa ubora wa Kiswahili hicho unawaangukia zaidi wale wanaokipeleka mahali kisipozaliwa.

Liko jambo moja ambalo Ubongo Kids ilistahili kusifiwa nalo zaidi ya ilivyosifiwa. Tangu mwanzo watazamaji waliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe wa simu, wakapata majibu kutoka kwa wahusika wenyewe. Waliolisifu walilisifu kama ufundi wa simu. Kwa kweli ni jambo la kale. Msimulizi wa pwani husema paukwa akangoja pakawa. Wa bara husema hadithi, hadithi, na wasikilizaji wakaiita ije, kisha wakaitikia wimbo wa ndani ya ngano kila unaporudi. Televisheni, ambayo kwa tabia yake humnyamazisha mtazamaji, ilipata hapo mlango mdogo wa kumrudishia sauti yake. Simu, hata hivyo, ni ya baba, na salio pia ni lake. Redio ingeufungua mlango huo zaidi, na katika wilaya hizi mbili redio si kitu kigeni: Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka Rusumo mwaka uliotangulia, ikaendelea kusikilizwa na wenyeji baada ya kambi kufungwa. Ngano iliyosimuliwa kwa Kiswahili na mzee wa Bugufi, ikiwa na Bakame mwenye jina lake, na watoto wa shule moja ya huko wakiitikia wimbo, isingehitaji fedha za London wala mchoro hata mmoja.