Pongezi kwa Makatekista wa Kilifi

Anayepanda mnazi Kilifi anajua kungoja. Miaka hupita kabla hajaangua dafu la kwanza. Tabia ya Kikristo nayo haikui kwa usiku mmoja, na ndiyo sababu leo nawavulia kofia makatekista wa pwani yetu.

Kazi yao ina mizizi mirefu. Mmisionari Johannes Rebmann alifika mwaka 1846 kumsaidia mmisionari mwenzake, Ludwig Krapf, pale Rabai. Waumini walikuwa wachache mno, lakini alibaki hadi 1875, akifundisha na kukusanya maneno ya kamusi, hata macho yakafifia. Subira ile haikupotea: Rabai inasali hadi leo.

Katekista wa siku hizi hatajwi vitabuni. Asubuhi anapalilia mahindi. Jioni anasukuma baiskeli mchangani, Biblia na kitabu cha nyimbo vimefungwa kwenye karia, hadi kigango chenye kuta za udongo. Chini ya mwembe anarudia swali la wiki iliyopita: “Je, umepatana na mwenzako?” Mtoto akiinamisha kichwa, mwalimu hamkemei; anapiga magoti, wanasali pamoja.

Hivyo ndivyo moyo unavyolelewa. Sala ya leo, toba ya leo, msamaha wa leo, na kesho tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Hongereni, walimu wetu. Posho yenu ni ndogo, njia zenu ni ndefu, lakini kila jirani aliyejifunza kusamehe ni tunda la jasho lenu. Mungu awazidishie nguvu.