Sita Katika Kumi: Mhakiki wa Michezo ya Video na Uhuru wa Kalamu

Mwezi Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya GameSpot huko Marekani, aliupima mchezo wa video uitwao Kane & Lynch: Dead Men akaupa alama sita katika kumi. Kabla mwezi haujamalizika alikuwa ameondolewa kazini, mahali alipotumikia kwa zaidi ya miaka kumi. Sita katika kumi si matusi. Mtoto akirudi nazo kutoka shuleni hapigwi, wala hachinjiwi kuku. Hata hivyo alama hiyo ilimkatia mtu riziki yake, na kisa chake chawahusu wapenzi wa ushairi kuliko wanavyodhani, kwani ndani yake limo swali la tangu zamani: mhakiki ni mtumishi wa nani?

Huenda wako watakaouliza gemu ina nini hata ihakikiwe. Kwa wazee wengi ni kitu cha vijana walioinamia kioo, siku ikawapita. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa filamu wa mji wa Chicago, alikwenda mbali zaidi: mwaka 2010 aliandika kwamba michezo ya video kamwe haiwezi kuwa sanaa. Wachezaji walimjia juu kwa maelfu ya majibu. Miezi michache baadaye alikiri kwa uungwana kwamba hakupaswa kutamka hukumu juu ya kitu asichokuwa na uzoefu nacho, ingawa imani yake hakuiacha. Ungamo hilo lastahili kukumbukwa na kila ashikaye kalamu ya uhakiki. Anayeuhukumu utenzi kwa kusimuliwa, pasi na kuusoma, anachukua uvumi akauita hukumu.

Waliokuwa wakicheza walikwisha kuanza kutafuta lugha ya kuisemea michezo hiyo. Mwaka 2004 Mwingereza Kieron Gillen aliandika makala ya kutetea uandishi mpya wa michezo ya video. Hoja yake ilikuwa kwamba thamani ya mchezo haikai ndani ya mashine. Hukaa katika yale yanayompata anayeucheza. Mhakiki basi awe kama msafiri arudiye kutoka nchi isiyokuwapo, awasimulie wenziwe alichokiona na kilichomfika. Hoja hii mtu wa pwani haioni ngeni, kwa kuwa anajua kwamba shairi lililolala kitabuni halijakamilika mpaka lighanwe na lisikilizwe. Hatari yake nayo haijifichi: msafiri aweza kujisimulia mwenyewe hata nchi ikasahauliwa. Mchezo una sheria zake, una ugumu unaopandishwa hatua kwa hatua, una wepesi au uzito wa kumtii mchezaji kidole chake. Hivyo ndivyo vina na mizani vya fani hiyo, na mhakiki asiyevigusa hajahakiki.

Katika soko, hata hivyo, simulizi haikushinda. Iliyoshinda ni tarakimu. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza mwaka 1986, huwaita wahakiki wanne, kila mmoja akatoa alama hadi kumi, jumla ikawa arobaini. Mchezo wa kwanza kuzipata zote ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Tangu mwaka 2001 tovuti ya Metacritic imekuwa ikizikusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya wastani mmoja, na wastani huo nao ukapata bei. Mchezo wa Fallout: New Vegas, uliotengenezwa na studio ya Obsidian mwaka 2010, ulipata 84 katika mia. Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo, alieleza mwaka 2012 kwamba mkataba uliwaahidi malipo ya ziada iwapo ungefika 85. Walikosa kwa alama moja.

Hakuna mhakiki aliyekusudia kuwanyima mafundi hao jasho lao. Kila mmoja aliandika maneno yake, hesabu ikafanyika, maneno yakaachwa njiani. Mchezo ule ulitoka ukiwa na hitilafu nyingi, na papo hapo ulisifiwa kwa jinsi ulivyompa mchezaji uhuru wa kuchagua njia yake na kuonja matokeo yake. Maneno yaweza kuyabeba yote mawili bila kugongana. Tarakimu haiwezi, huchukua sifa na kasoro ikazisaga pamoja, na asomaye 84 hajui ni kipi kilichozidi na ni kipi kilichopungua.

Kwa Gerstmann jambo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu alipoandika hukumu yake, ukurasa wa mbele wa tovuti ulikuwa umepambwa kwa matangazo ya mchezo uleule, yaliyolipiwa na kampuni ya Eidos iliyouchapisha. Wenye tovuti walikana wakati huo kwamba aliondolewa kwa kumridhisha mtangazaji. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na makubaliano ya kutosema. Alipofunguliwa mdomo mwezi Machi 2012, alieleza kwamba shinikizo la matangazo, na tishio la kuondolewa kwa fedha, vilikuwa ndani ya kisa hicho. La ajabu ni kwamba mchezo wenyewe wahusu majambazi, na katika sehemu yake inayochezwa na watu wengi, wachezaji huiba pamoja huku kila mmoja akiwa na ruhusa ya kumgeuka mwenziwe ili alichukue fungu lake.

Baadhi ya wenzake waliacha kazi baada yake, na mwaka 2008 yeye na Ryan Davis walianzisha tovuti ya Giant Bomb. Huko walizoea kuurekodi mchezo jinsi unavyochezwa, kwa muda mrefu na bila kuukatakata, wahakiki wakizungumza, wakicheka, wakikosea na kubishana. Mtazamaji hakuletewa hukumu iliyokwisha kupikwa. Aliyaona yaliyoonwa na mhakiki, na aliweza kumpinga kwa ushahidi uleule. Anayejua baraza ya bao atautambua utaratibu huu. Hapo kete zi wazi mbele ya wote, na mtazamaji asemaye kwamba mchezaji amekosea sharti aonyeshe ni shimo lipi. Mwaka 2022 Gerstmann aliondoka huko pia, akaanza kipindi chake mwenyewe kinacholipiwa na wasikilizaji.

Je, hapo ndipo uhuru ulipo? Si moja kwa moja, kwani mpenzi naye aweza kuwa bwana mkali. Mwezi Septemba 2013 mhakiki Carolyn Petit aliupa mchezo wa Grand Theft Auto V alama tisa katika kumi. Aliusifu mno, kisha akaongeza kwamba mchezo huo unawadhalilisha wanawake. Kwa ajili ya neno hilo na ile alama moja iliyopungua, maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka afukuzwe kazi. Hawakuwa wenye matangazo hawa, walikuwa wapenzi. Tajiri alitaka bidhaa yake isifiwe. Wapenzi walitaka mapenzi yao yasifiwe. Katika hali zote mbili mhakiki aliombwa kitu kimoja, kwamba asione alichokiona.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotia nanga pwani. Mashairi hayapewi alama, wala hapana kampuni inayotundika matangazo juu ya diwani. Lakini diwani nyingi hutoka na dibaji iliyoandikwa na rafiki, ambamo kila mtunzi ni malenga, kila beti ni lulu, na kasoro zote zimeachiwa mpiga chapa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo yamekwisha kuonekana katika vitabu visivyo vichache. Haikuwa hivi siku zote. Katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, mtunzi aliyetoa shairi alitazamia kujibiwa kwa shairi, na jibu lilipopinga lilipinga hadharani, kwa vina na mizani vilevile, naye akarudi kujitetea. Uhakiki huo ulikuwa na makali, na haukuua udugu wala utungo.

Aliyeupa mchezo sita katika kumi alitoa sababu zake, na mtengenezaji angeweza kuzisoma, kuzikubali au kuzikataa. Mtunzi apewaye sita pamoja na sababu ana la kufanyia kazi usiku huo. Apewaye kumi bila sababu hurudi nyumbani na furaha yake, na diwani ijayo hurudia makosa yaleyale, kwa kuwa miongoni mwa wote waliomsifu hakuwamo aliyemsoma.