Misalaba ya mukuba: kukusanya si kuandika

Kila mutu wa Katanga anajua musalaba wa mukuba. Tunauona kwenye kuta za nyumba, kwenye shingo za wamama, kwenye vitambaa vya sikukuu. Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963 iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na feza zake za 1961 zilichapwa musalaba upande mmoja. Tunapokutana kusema juu ya mila, musalaba haukosi mudomoni. Sisi pia tumeusifu mara nyingi. Lakini leo tunataka kuuliza swali ambalo sifa zimelificha: misalaba ile ya zamani tuliyo nayo mikononi, tunajua nini juu yake?

Tuanze kwetu wenyewe, maana mwenye kufagia huanza na lupango yake. Katika kabati ya chama chetu kuna katoni moja. Ndani yake muna misalaba kumi na saba, mikubwa na midogo, bangili tatu za mukuba na shoka mbili za chuma zilizoliwa na kutu. Juu ya katoni kumeandikwa: «Vitu vya wankambo. Upemba. Zawadi.» Ni vile tu. Muzee aliyetuletea vitu hivi amekwisha kufariki. Hatukumuuliza vilitoka muji gani, vilikuwa pamoja udongoni ao mbalimbali, karibu na mifupa ao chini ya muti. Tena, siku moja kabla ya maonyesho, vijana wetu walisugua misalaba kwa ndimu na muchanga mupaka ikang'aa. Tulipiga makofi. Siku ile tuliharibu kitu, na hakuna aliyeona.

Mutu atasema: «Juu ya nini kuhuzunika? Mukuba ni mukuba, musalaba ni musalaba.» Hapana. Ili kujibu, tuangalie kazi iliyofanyika Sanga, kando ya ziwa Kisale.

Pale Sanga, Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya zamani katika 1957. Mwaka uliofuata alikuja Jean Hiernaux na wenzake, na katika 1974 Pierre de Maret. Kwa jumla walifungua makaburi zaidi ya mia moja. Waliyofanya hayakuwa ajabu: kila kaburi walilichora, wakaandika marehemu alilala namna gani, chungu kilikuwa upande gani, bangili mukono gani, musalaba sehemu gani ya mwili. Kazi ya kuchosha, kazi ya kalamu na rula. Lakini angalia matunda yake.

Katika makaburi ya zamani zaidi, vitu vya mukuba ni hasa mapambo, na misalaba ni ya shida kuonekana. Kisha misalaba inaanza kuwekwa, mikubwa, michache, juu ya kifua cha marehemu. Kadiri karne zinavyopita, misalaba inapungua ukubwa, inakuwa mingi, inafanana kwa kipimo, na mahali pake panahama: sasa iko karibu na mikono na kiuno. Kutokana na mambo haya de Maret alionyesha namna kitu cha heshima kilivyogeuka polepole kuwa feza ya kununua na kuuza, kabla Mzungu yeyote kufika kwenye ziwa lile. Historia nzima ya soko letu imesomwa kutoka kifuani kwenda kiunoni! Kama mutu angalichimba misalaba ile na kuitupa yote katika mufuko mumoja, ingalibaki kilo kazaa za mukuba na hakuna historia.

Kuna jambo lingine. Udongo wa Upemba hauna mukuba. Mukuba ulitoka kusini, upande wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi ya leo, safari ya siku nyingi kwa miguu. Musalaba uliookotwa karibu na ziwa unasimulia biashara. Ule uliookotwa karibu na tanuru ya zamani unasimulia ufundi. Na kule Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi inchini Zambia, makaburi yaliyoonekana katika 1960 yalikuwa vilevile na misalaba, lakini yenye ukingo ulioinuka pembeni. Basi umbo na mahali vikienda pamoja, tunaweza kufuata njia za wafanya-biashara. Umbo peke yake ni nusu ya neno.

Chuma nacho kina habari yake, hata kama hakipendezi macho. Kule Kamilamba, de Maret alipata kaburi la zaidi ya miaka elfu moja. Karibu na kichwa cha marehemu kulikuwa fuawe ya chuma, na pamoja naye shoka ya heshima yenye mupini uliopambwa kwa misumari. Sisi tuliokua tukisikia habari za Kalala Ilunga na ufundi wa chuma, tuliozoea kuona pini za nywele zenye umbo la nyundo, tunaelewa mara moja. Ukubwa na uhunzi vilitembea pamoja tangu zamani sana. Lakini fuawe ile ingekutwa peke yake sokoni, ni nani angeijali? Angeinunua muhunzi kwa kufua majembe. Kilichoipa sauti ni kichwa cha mutu kilicholala karibu yake. Na shoka zetu mbili za ndani ya katoni, je, zililala karibu na nani? Hatutajua kamwe.

Tunapowasifu wachimbuaji hawa, tusifunge macho. Kitabu cha Nenquin cha 1963 ni cha Kiingereza, na kile cha Hiernaux na wenzake cha 1971 ni cha Kifaransa. Vyote viwili vilitolewa Tervuren, Ubeljiji. Havikuandikwa kwa Kiluba wala kwa Kiswahili. Mutoto wa Kinkondja anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kusikia kwamba chini ya mashamba ya kwao kuna makaburi yanayojulikana na wataalamu wa dunia nzima. Waliandika vizuri, lakini habari haikurudi kwa wenye udongo. Na kaburi la mutu, kwa wenye kulia marehemu wao, si shimo la kupimwa tu. Kosa hili si dogo. Walakini lina dawa: kilichoandikwa kinaweza kutafsiriwa, hata baada ya miaka hamsini. Kosa letu la katoni halina dawa.

Sasa tuje kwa mutu anayeokota. Mara nyingi si mwanachama wa chama cha utamaduni. Ni mama anayelima muhogo, ni kijana anayechimba shimo la choo ao anayefyatua matofali, ni muchimbaji wa madini. Jembe linagonga kitu, anaona kijani. Kama ni akiba nzima iliyofichwa chini, furaha ni kubwa, na jioni ileile mizani inatafutwa. Mukuba wa wankambo unauzwa bei moja na nyaya za umeme zilizokatwa. Mumoja wao alitujibu waziwazi: «Baba, bankambo habatalipa minervali ya batoto yangu.» Hatukuwa na jibu. Mutu mwenye njaa haelimishwi kwa hotuba juu ya utambulisho.

Sheria iko. Ile ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni: kuchimbua kunaomba ruhusa, na kitu kilichogunduliwa kwa bahati kinapaswa kutangazwa kwa wakubwa wa utawala. Lakini mwanakijiji anaogopa kwamba akitangaza, kitu kitachukuliwa na yeye atabaki mikono mitupu, pengine na mashtaka juu. Kwa hiyo ananyamaza. Na sisi tunaojua kusoma sheria, hatukumsindikiza hata siku moja.

Katika Februari 2022 Ubeljiji ulikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vinavyolindwa Tervuren. Wengi wetu tulisema kwa nguvu: virudi! Ni haki kusema vile. Lakini tuliposema, tulisahau neno moja: wao walikuwa na orodha. Sisi, ya vitu vilivyobaki hapa, tuna orodha gani? Mutu anayedai mali yake kwa jirani, huku hajui kilicho ndani ya nyumba yake, jirani atamucheka.

Kwa hiyo tunapendekeza kitu kidogo, ambacho hakiombi feza nyingi: kaye moja kwa kila muji ambako tuna wanachama. Mwalimu ao katekista aishike. Kitu kikiokotwa, aandike tarehe, muji, shamba, mutoni ao kilima kilicho karibu. Kina cha shimo, hata kama ni kwa kupima na mukono. Vitu vyote vilivyokuwa pamoja, hata vigae na makaa. Hesabu yao, na vilivyolala. Kama misalaba imefungwa pamoja, asiifungue kabla ya kuichora. Aweke kila kimoja juu ya karatasi na kuzungusha kalamu pembeni yake, apime urefu na uzito, apige foto kwa simu na rula kando. Asisugue kitu: ile kijani inaweza kushika alama ya uzi ao kitambaa kilichooza. Kama mifupa inaonekana, kazi isimame, shefu wa muji aitwe, na wataalamu wa Makumbusho ya Lubumbashi ao wa Universite wajulishwe. Jina la aliyeokota liandikwe ikiwa anakubali, maana yeye ndiye shahidi wa kwanza. Mahali kamili pasitangazwe ovyo, ili wezi wasikimbilie kule. Na mwanachama wetu amusindikize mutu yule mbele ya utawala, asimame naye.

Hatusemi kwamba kaye italipa minervali. Pengine vitu vingine vitauzwa hata hivyo, na itatuuma. Lakini musalaba uliouzwa baada ya kuandikwa umeacha kivuli chake. Ule uliouzwa bila kuandikwa umekufa mara ya pili.

Ile katoni yetu hatutaitupa. Tumeamua ibaki kabatini na maandishi yake yaleyale, na chini yake tumeongeza maneno haya: «Mahali hapajulikani. Hatukuuliza.» Mugeni akija kutusifu kwa kulinda mila, tutamuonyesha kwanza hiyo.