-ji-, "Mwenyewe" na Mipaka ya Nadharia ya Ufungami

Katika Lectures on Government and Binding (1981), Noam Chomsky aliweka kanuni tatu zinazotawala urejelezi wa nomino na viwakilishi vyake. Kijirejeshi sharti kifungwe na kitangulizi kilichomo katika kishazi chake; kiwakilishi cha kawaida sharti kiwe huru katika kishazi hicho; jina lenyewe sharti liwe huru popote. (Tunasema "kijirejeshi" kwa kuwa "urejeshi" umekwisha kutwaliwa na -o- ya amba-, na mkanganyo huo umewagharimu watahiniwa wengi.) Makala haya yanadai kwamba kanuni ya kwanza ni kweli kwa Kiswahili, lakini si kwa sababu inayotolewa na nadharia, na kwamba tofauti hiyo inamhusu mhakiki wa fasihi kama inavyomhusu mwanaisimu.

Tuanze na -ji-:

(1) Moraa alisema kuwa Kerubo amejidanganya.
(2) Moraa alisema kuwa Kerubo amemdanganya.
(3) Mama yake Moraa amejilaumu.

Katika (1) aliyedanganyika ni Kerubo tu. Katika (2) aweza kuwa Moraa au mtu wa tatu, lakini Kerubo kamwe. Katika (3) Moraa ndiye aliye jirani na kitenzi, ila anayelaumiwa ni mama. Nadharia hufafanua (3) kwa mchoro matawi: mama yuko juu, Moraa amefichwa ndani ya kirai. Ufafanuzi huo si kosa, bali ni mzigo usiohitajika. -ji- hukaa ndani ya kitenzi, katika nafasi ya mtendwa, na humrejelea yule anayewakilishwa na kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi hicho hicho. Hakuna umbali wa kupimwa. Tanya Reinhart na Eric Reuland walipodai mwaka 1993 kwamba kujirejelea ni sifa ya kiarifu, si ya nomino, walisema jambo ambalo msemaji wa Kiswahili angelishangaa kuwa lilihitaji kugunduliwa.

Ugumu unaanzia kwenye "mwenyewe", ambalo vitabu vingi hulitafsiri kwa himself ya Kiingereza na kuliacha hapo. Mtu akifika katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii akakuta mkungu wa ndizi usio na mtu, huuliza: "Mwenyewe yuko wapi?" Hapo hapana kitangulizi, si katika kishazi, si katika mazungumzo yaliyotangulia, pana ndizi tu. Neno hili lingekuwa kijirejeshi cha kanuni ya kwanza, swali hilo lingekuwa kosa la sarufi. Si kosa, kwa sababu "mwenyewe" limezaliwa na "mwenye": ni neno la umiliki kwanza, na nafsi baadaye. Ndiyo maana twasema "Nilimweleza Moraa habari zake mwenyewe", ambapo kitangulizi ni mtendwa, nafasi ambayo -ji- haiwezi kuifikia. Ndiyo maana pia "nimepika mwenyewe" haina maana ya kujirejelea hata kidogo. Maana yake ni kwamba hapakuwa na mkono mwingine.

Twaweza sasa kuingia katika fasihi. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa anajiua. Wahakiki wamebishana ni nani hasa wa kulaumiwa, na wapo wanaomtaja Zakaria, babake, na malezi yake ya ukali. Ukiutazama ubishi huu kisarufi, hakuna anayekana tukio. Anayesema "Zakaria ndiye aliyemwua Rosa" amebadili kiima, na kwa kufanya hivyo ameiondoa -ji- na kuweka -mw-, kama kanuni ya pili inavyomlazimisha. "Rosa alijiua" inasema jambo moja tu: muuaji na muuawa ni mtu mmoja. Haisemi lolote kuhusu lawama. Nadharia ya Chomsky nayo, kwa alama zake za urejelezi, inakomea hapo hapo, na ni haki ikomee.

Ila wanafunzi hawaandiki hivyo. Huandika "Rosa alijiua mwenyewe". Kwa muda mrefu nilikuwa nikilikata neno hilo la mwisho kwa wino mwekundu, nikiliita uradidi. Nilikosea. Neno lile ni lile lile la mkungu wa ndizi: linampa Rosa umiliki wa kifo chake na kudai kwamba hapakuwa na mkono mwingine, yaani linamwondolea Zakaria mashtaka kabla hayajasomwa. Siku hizi silikati. Naandika pembeni: "Ushahidi?"