Mtihani wa mwashi uanzie kwenye jukwaa

Mei 2021, matetemeko yaliyoandamana na mlipuko wa volkano ya Nyiragongo yaliacha nyufa kwenye nyumba nyingi za Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika, na mafuriko pamoja na maporomoko ya ardhi yakaua watu zaidi ya 130, hasa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Tangu hapo Rubavu imekuwa wilaya ya kujenga na kujenga upya. Kuna kuta zilizopasuka za kubomolewa, viwanja vya kuchongwa mlimani, mawe ya volkano ya kupasuliwa kwa nyundo huku vipande vikiruka machoni, na kando ya Ziwa Kivu kuna maghorofa yanayopanda. Kazi ya kukarabati ina hatari yake ya pekee, kwa sababu fundi husimama chini ya ukuta ambao hakuujenga na hajui nguvu yake imebaki kiasi gani. Kwa hiyo namna vijana wanavyofundishwa usalama katika shule za ufundi ni jambo la kupima kwa makini, na hoja yangu ni moja: usalama utaingia mikononi mwa fundi pale tu utakapofundishwa na kupimwa ndani ya kila kazi, siku ileile na kwa mtihani uleule unaopima ukuta.

Rwanda ilikwisha kufanya uamuzi mgumu zaidi, ule wa kuipima elimu ya ufundi kwa umahiri badala ya miaka ya kukaa darasani. Chini ya RTB, bodi ya elimu ya ufundi iliyoundwa mwaka 2020, mtaala umegawanywa katika moduli, na sehemu kubwa ya mafunzo inatakiwa kuwa ya vitendo. Mwanafunzi akipimwa, huambiwa kwamba ameweza au bado hajaweza. Moduli zenyewe ziko za namna mbili: zile za fani, kama kuandaa kiwanja, kuinua ukuta au kumwaga zege, na zile za pamoja ambazo kila mwanafunzi hupitia, awe mwashi, fundi umeme au mpishi. Moduli ya afya, usalama na mazingira imewekwa katika kundi hili la pili, jirani na mawasiliano, ujasiriamali na kompyuta. Faida yake ni kubwa na haipaswi kubezwa, kwani hakuna kijana anayeweza kufika mwisho bila kuipitia. Lakini mpangilio huo unaacha mlango wazi. Moduli inaweza kufundishwa na mwalimu ambaye si mjenzi, ikafanyiwa mtihani wa karatasi, ikafungwa kabla mwanafunzi hajakanyaga jukwaa. Miezi kadhaa baadaye anapoinua ukuta wake wa kwanza mrefu, jicho la mwalimu liko kwenye timazi na pimamaji. Usalama nao unaonekana umekwisha kumalizwa.

Kwamba namna ya kufundisha ndiyo inayoleta tofauti si dhana tu. Mwaka 2006 jarida la American Journal of Public Health lilichapisha uchambuzi wa Michael Burke na wenzake, waliounganisha matokeo ya tafiti 95 za kati ya 1971 na 2003, zilizohusisha wafanyakazi karibu 21,000. Kadiri mafunzo yalivyomtaka mfanyakazi atende, aulizwe na asahihishwe papo hapo, ndivyo alivyojua zaidi na ndivyo ajali na majeraha yalivyopungua. Mihadhara, vijitabu na video viliachwa nyuma. Ushahidi mwingine unatoka St. Louis, Marekani, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachunguza wanagenzi wa useremala wa nyumba. Waliona kwamba vijana walikuwa wakipanda ngazi na mapaa kazini kabla somo la kuzuia kuanguka halijafikiwa shuleni, na walipolifikia tayari walikuwa wameiga mazoea ya wakubwa wao. Mtaala ukapangwa upya. Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, unapata kanuni ya wakati: somo likitangulia mno bila vitendo linasahaulika, likichelewa linakuta mkono umeshazoea. Wakati wake ni siku ya kazi yenyewe.

Chukua moduli ya kuinua ukuta. Tofali zikifika kimo cha kifua, mita 1.2 hadi 1.5 hivi, mkono hauendi tena vizuri na jukwaa linahitajika. Hapo ndipo mahali pa somo, na linaanza kwa hesabu. Tofali la kuchoma lina kilo 3 hivi, kwa hiyo tofali 60 zilizorundikwa juu ya mbao ni kilo 180. Ndoo ya lita 20 ya saruji iliyochanganywa na mchanga na maji inakaribia kilo 40. Fundi na msaidizi wake ni kilo 130 nyingine. Jumla ni kilo 350, na zote zimebebwa na nguzo za mikaratusi. Sasa mwanafunzi atazame kiungo: je, mti wa ulalo uliobeba mbao umekalia kipande cha mti kilichofungwa imara chini yake, au unaning'inia kwenye misumari mitupu? Je, mguu wa nguzo umekaa juu ya bao, au umechomekwa kwenye udongo uliolowa? Vivyo hivyo kwa mtaro wa msingi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na udongo uliochimbwa ukiachwa ukingoni unausukuma ukingo huo kwa uzito wote huo. Ukirudishwa nyuma sentimeta 60 au zaidi, hatari inapungua. Haya ni ufundi, tena ule wa msingi. Mwashi asiyejua jukwaa lake linabeba nini bado hajaujua uashi, hata ukuta wake ukinyooka, na mpimaji anapaswa kuandika hivyo kwenye karatasi ya matokeo.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni elimu ya matajiri, kwa kuwa shule hazina mikanda wala kofia ngumu za kutosha, na mjenzi mdogo wa Rubavu hawezi kununua jukwaa la chuma. Vifaa ni ghali kweli. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba usalama ni vifaa vya kuvaliwa, ilhali wataalamu wa fani hii huviweka mwisho kabisa. Kwanza huondolewa hatari yenyewe, kisha hupangwa kazi, kisha ndipo mwili hukingwa. Kurudisha udongo nyuma ya ukingo hakugharimu kitu ila chepe na dakika chache. Kuegemeza ngazi ili mguu wake uwe mbali na ukuta kwa robo ya kimo chake, kisha kuifunga kamba juu, kunahitaji kamba tu. Miwani ya mpasua mawe inanunuliwa, na bei yake haiwezi kulinganishwa na jicho. Shule maskini ndiyo yenye sababu zaidi ya kufundisha mpangilio wa kazi, maana huo kijana ataondoka nao bila kuubeba mgongoni.

Pingamizi zito zaidi ni la kapita, yaani msimamizi wa mafundi. Kijana akihitimu akiwa amefundishwa vema, anafika shantiye, yaani mahali pa ujenzi, na kukuta mkubwa wake ana haraka, jukwaa ni la misumari, na nje wapo wayede wengine, wasaidizi wa mafundi, wanaosubiri nafasi yake. Atakataa kupanda? Wengi hawatakataa, na hatuna haki ya kumtwika mgeni kazini mzigo wa kumrekebisha bosi. Sheria ya kazi ya Rwanda ya 2018 inamtwika mwajiri wajibu wa afya na usalama, na ulinzi huo unawafikia hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Lakini sheria haimfundishi mtu kufunga jukwaa. Watafiti wa St. Louis nao walilifikia jambo hili, wakaandaa mafunzo kwa wasimamizi wenyewe. Rwanda ina njia iliyokwisha kufunguliwa. STECOMA, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na ufundi wa mikono, kimekuwa kikishirikiana na taasisi za serikali kuwapima kwa vitendo mafundi waliojifunzia kazini na kuwapatia vyeti. Kutoka kwa mafundi hao wazoefu ndiko makapita wengi hutoka. Mtihani wao ukianza kwa kumtaka fundi asimamishe jukwaa na alikague kabla ya kushika mwiko, somo litamfikia mtu mwenye amri ya kusimamisha kazi, tena kwa njia inayomheshimu kama fundi. Kenya iliona umuhimu wa ngazi hiyo: sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliipa pia jukumu la kuwaidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi.

Sisemi moduli ya pamoja ifutwe. Ibaki, iwe fupi, ishughulike na haki za mfanyakazi, huduma ya kwanza, na jinsi ya kuripoti ajali ili mchango wa asilimia 2 ambao mwajiri hulipa RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, kwa ajili ya hatari za kazini umfikie aliyeumia. Mengine yahamie kwenye fani, na yafuatiliwe hadi kwenye staji, yaani mafunzo ya kazini. Daftari la staji liwe na nafasi ya kila kazi ya hatari: mtaro, jukwaa, ubomoaji, upasuaji wa mawe. Kapita aandike tarehe ambayo kijana aliifanya kazi hiyo na jina la aliyemsimamia. Mwalimu anayekwenda kumtembelea aanze kwa kukagua shantiye kabla ya kuuliza habari za mwanafunzi, na akikuta mti wa ulalo umeshikwa na misumari tu, amhamishe kijana siku hiyohiyo.