Sikio na Mandhari

Lugha yetu imelifanyia jicho hisani kubwa kuliko sikio. Tunasema mandhari, neno tulilolipata katika Kiarabu kwa maana ya kutazama, nasi tukakusudia pwani, mashamba na mbingu yake, kana kwamba mtu huipokea nchi kwa macho peke yake. Lakini lugha hiyo hiyo hujisahihisha: tunasikia harufu, tunasikia baridi, hata njaa tunaisikia. Na mazingira ni yale yatuzingirayo. Jicho huona yaliyo mbele; sikio ndilo lizingirwalo.

Nayasema haya kwa kuwa muziki usikilizwao nje aghalabu huhesabiwa pambo la mahali, mfano wa taa za sikukuu. Hayo hayatoshi. Muziki hutuchagulia la kutazama. Aketiye Forodhani jua likizama, akasikia bashrafu, udi na kanuni vikijibizana na fidla pasi na maneno, hutazama polepole. Macho yake hulifuata tanga la ngalawa mpaka likapotea. Yakiingia maneno, mambo hugeuka. Wimbo ukikitaja chombo kwa fumbo, jahazi lipitalo halibaki mbao na kamba. Limekwisha kuwa mpendwa anayeondoka, na bahari nayo imepewa lawama isiyoijua. Ala huiachia nchi nafasi, na fumbo huitia maana ambayo haikuwa nayo. Yote mawili ni mema, ila si kitu kimoja, na wahakiki wetu wa taarabu wameyachanganya mno.

Zamani njia ilikuwa ya pande mbili. Nyimbo za kuvuta juya hufuata pumzi za wavutao na uzito wa maji. Hapo pwani ndiyo inayoupa wimbo mwendo. Hata Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba takriban mwaka 1880, husimuliwa kuwa sauti yake aliikomaza njiani, akinadi vyungu hadi mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri. Sahani ziliporudi pwani, mtu aliweza kumsikia Siti mahali ambapo Siti hakuwapo. Sauti iliyofinyangwa na njia ikaachana na njia. Hata hivyo santuri ilijaza baraza zima, na kelele za mtaa zikaingia ndani yake. Mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, wimbo ulianza kutembea na mtu mmoja, katika masikio yake mawili.

Sasa chombo hicho kimekuwa simu, na kijana hupita ufukweni akiwa na bahari ya kutazama na wimbo uliotoka kwingine. Bahari humgeukia sinema. Huenda ikampendezea zaidi; sibishani naye kwa hilo. Ninalolihofia ni shairi. Katika tungo za vijana ninazopewa kuzisoma, bahari ina rangi nyingi na sauti moja tu: inavuma. Kusi na kaskazi humo ni majina mawili ya upepo mmoja, ilhali mnazi katika kusi hausemi kama mnazi katika kaskazi, na maji yajaayo mikokoni hayalii kama maji yatokayo. Mtunzi asiyeyasikia hayo atayaazima katika vitabu vya waliyoyasikia. Vina vitakamilika, mizani itatimia, na shairi litakuwa bubu.

Yuko mmoja kati yao ambaye huziba sikio moja na kuliacha la pili wazi. Taarabu, asema, humfunza urefu wa mshororo, na gati humpa maneno ya kuujaza. Katika shairi lake la karibuni foromali yapanda mlingotini, na kamba yalia kwa herufi zile zile ambazo mabaharia huzisikia. Nimelisoma mara tatu. Ubeti wa nne una upungufu wa mizani, nami nimemrudishia autengeneze.