Projekta Mpya, Kuta Zile Zile

Sisi tuliojumuika katika ghorofa moja ya Michenzani, Unguja, usiku wa tarehe 22 Agosti 2025, Taifa Stars ilipotolewa na Morocco kwa bao moja katika robo fainali ya CHAN, tuliona makosa ya namna mbili, na yale ya uwanjani yamekwisha jadiliwa ya kutosha. Hoja yangu ni mwenyeji wetu, aliyeiuza projekta yake ya HD isiyokuwa na taksiri yoyote akanunua ya 4K, na katika hilo, kwa insafu kabisa, alikosea.

Mashine yenyewe ni njema: rangi zake safi, feni yake haisikiki. Lakini picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221, na HD huugawa upana huo vidoto 1,920, basi kila kidoto ni milimita moja na ushei, nalo jicho zima, likiwa mita nne mbali, haliwezi tena kukitenga kidoto na jirani yake. Nasi tulikaa mita nne hasa, maadamu sebule ile haina pengine pa kuweka makochi. Fauka ya hayo, mpira uliotufikia kwa king'amuzi ulikuwa wa HD, hivyo vidoto milioni nane vilikuwa vikikisia habari za milioni mbili.

Kisha akatenda lile lililonifanya nishike kalamu. Projekta ya zamani ilikuwa na lenzi ya kusogezwa juu na chini. Hii haina, naye akaipandisha juu ya kabati, akaiinamisha, na picha ilipotanuka upande wa chini akabonyeza kitufe cha kuinyoosha. Kitufe hicho hakigusi lenzi hata kidogo: huibana picha ndani ya mashine ikae katika sehemu tu ya vidoto, na vinavyosalia pembeni huzimwa, ilhali ndivyo hasa alivyovitolea fedha! Na haya yote taa ya dari inawaka, eti wageni waone bakuli zao za urojo. Projekta haina uwezo wa kutupa kiza; weusi wa picha ni ukuta usiomulikwa, na ukuta mweupe chini ya taa hauwi mweusi kwa wingi wa lumeni, ambazo aghalabu wauzaji huziandika kwenye boksi kwa ukarimu wasiokuwa nao kwenye bei.

Waendesha mashine wa Majestic pale Vuga, jumba la sinema lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya la kwanza kuungua, walikuwa na filamu ya milimita 35, fremu 24 kwa sekunde, na mashine walizozipokezanisha kwa kuvizia alama ndogo pembeni mwa picha. Lakini kabla ya yote hayo walizima taa.

Iko pia habari ya umeme. Kisiwa kilichokaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hakistahili kusahau kwamba ukikatika ghafla feni husimama taa ya projekta ingali moto, na betri ya akiba huiokoa taa hiyo kwa gharama ndogo.

Aliye na HD nzima na asiibadilishe, ila taa yake ikichoka na bei ya taa mpya ikakaribia bei ya mashine. Mwenyeji wetu naye hajachelewa: Darajani vitambaa vizito vya pazia vipo, na rangi ya kijivu ya ukuta haimshindi.